UZI: Saksheni iko chini mzunguko mmoja tu, AC ya kompresa mbili (R410A, tani 20). Tuichambue hapa

#1 Kipozeo

Habari za humu wakuu. Nawaletea kesi ya pakeji (AC iliyo nzima kwenye boksi moja) ya tani 20 za upoozaji, iliyo juu ya paa la jengo la ofisi huku Posta. Gesi ni R410A. Kompresa ni mbili za skroli, tani 10 kila moja, na kila kompresa ina mzunguko wake: koili yake, draya yake (kichujio kinachonyonya unyevu), ekspansheni valvu yake (inayoshusha presha ya kimiminika kabla hakijaingia koili). Gesi hazikutani popote. Blowa ni moja ya mkanda, inapuliza koili zote mbili.

Mzunguko wa pili ulibadilishwa kompresa baada ya ile ya zamani kuungua. Tangu hapo upande huo haupozi vizuri mchana, na jioni watu wakianza kuondoka unakata kwa low presha (swichi ya presha ya chini inaizima kompresa). Vipimo vya leo, kompresa zote zikiwa kazini, joto la nje nyuzi 31 (saksheni ni presha ya gesi inayorudi kwenye kompresa, dischaji ni ya inayotoka):

Mzunguko 1: saksheni psi 126, dischaji psi 410
Mzunguko 2: saksheni psi 84, dischaji psi 400

Waliotangulia kuikagua waliongeza gesi kilo 2 kwenye mzunguko wa 2. Saksheni ikapanda psi 3, ikagoma hapo. Sasa kuna wanaosema kompresa mpya ni feki na wengine wanasema gesi bado haijatosha. Naomba mawazo kabla hatujagusa kitu.

#2 Mwana Buguruni

Mbona 84 iko juu mkuu? Saksheni ya AC ni 60 mpaka 70. Labda hiyo ya 126 ndiyo mbovu.

#3 KoiliBaridi

Mwana Buguruni, 60 mpaka 70 ni ya R22. Kwa R22, psi 65 ni kama nyuzi 3 ndani ya koili, na ndiyo maana ikakaririwa kila karakana. Kwa R410A, psi 65 ni kama nyuzi 11 chini ya sifuri. Ukikuta namba hiyo kwenye AC ya R410A, koili imeshakuwa friza. Psi 126 ni nyuzi 6, safi kabisa. Psi 84 ni nyuzi 5 chini ya sifuri, kwa hiyo koili ya mzunguko wa 2 itakuwa inashika barafu.

Kipozeo, namba za geji peke yake hazimalizi kazi. Kabla ya kutoa hukumu fanya haya.

Kwanza zima kompresa zote mbili, acha blowa ipulize mpaka barafu yote iyeyuke. Usipime koili yenye barafu. Barafu inaziba njia ya hewa na kuishusha saksheni zaidi, kwa hiyo utakuwa unapima ugonjwa wa pili juu ya ugonjwa wa kwanza.

Pili washa mzunguko wa 1 peke yake dakika 15, andika. Kisha wa 2 peke yake dakika 15, andika. Kisha yote pamoja. Zitenganishe kwenye waya wa kontrol unaoita kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya kila kompresa, siyo kwa kupiga breka ya mashine nzima. Ukiizima kompresa ipe dakika 5 kabla ya kuiwasha tena.

Sababu ya kupima mmoja mmoja ni hii. Kuna mashine ambazo koili mbili zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Ya mbele inakula hewa ya moto, ya nyuma inapata hewa iliyokwishapozwa, na saksheni yake lazima iwe chini kidogo yote yakiwa kazini. Hiyo si hitilafu. Lakini tofauti ya psi 42 haielezwi na mpangilio wa koili.

Tatu, niletee joto la paipu: paipu ya saksheni karibu na kompresa, na paipu ya kimiminika inapotoka kondensa (koili ya nje inayotoa joto), kwa mizunguko yote miwili. Tumia kipimajoto cha kubana kwenye paipu na ukifunike na sponji. Ile bastola ya leza ikipigwa kwenye shaba inayong'aa inadanganya.

Raha ya mashine hizi ni kwamba mzunguko mzima uko palepale ubavuni mwa mgonjwa. Huhitaji kukisia kawaida ni ngapi, unaisoma kwa jirani yake.

#4 Kipozeo

Barafu ilikuwepo, imeyeyuka yote. Koili zimepangwa juu na chini, siyo mbele na nyuma. Mmoja mmoja au kwa pamoja, namba zinakuja karibu zilezile. Joto:

Mzunguko 1: paipu ya saksheni 13, paipu ya kimiminika 41
Mzunguko 2: paipu ya saksheni 17, paipu ya kimiminika 34

#5 Amperi

Sasa tunaongea. Tupige hesabu pamoja, na wanaojifunza wafuate.

Supahiti ni nyuzi ambazo mvuke umeongeza baada ya kimiminika chote kuisha ndani ya koili. Unachukua joto la paipu ya saksheni, unatoa joto ambalo chati ya presha na joto ya gesi hiyo inakupa kwa presha ya saksheni. Mzunguko 1: 13 toa 6, ni 7. Mzunguko 2: 17 toa −5, ni 22.

Sabkulingi ni nyuzi ambazo kimiminika kimepoa chini ya joto lake la kugeuka kutoka mvuke. Unachukua joto la chati kwa presha ya dischaji, unatoa joto la paipu ya kimiminika. Mzunguko 1: 48 toa 41, ni 7. Mzunguko 2: 47 toa 34, ni 13.

Saksheni ya chini ina familia tatu, na namba hizi mbili ndizo zinazozitenganisha:

Supahiti juu, sabkulingi chini: gesi ni pungufu. Tafuta uvujaji.
Supahiti chini au ya kawaida: koili haipati joto la kutosha. Chujio chafu, mkanda wa blowa umelegea, dampa (milango ya njia ya hewa) zimefungwa.
Supahiti juu, sabkulingi ya kawaida au juu: gesi ipo ila haifiki. Kuna kizuizi kati ya kondensa na koili.

Mzunguko wa 2 uko familia ya tatu bila ubishi. Koili ina njaa (22) huku kondensa imejaa kimiminika kilichokosa pa kwenda (13). Zile kilo 2 zilikwenda kukaa kwenye kondensa, na ndiyo maana saksheni haikushtuka. Ukiongeza nyingine utapandisha dischaji, basi.

Kuhusu kompresa kuwa feki: hapana. Kompresa iliyochoka, yenye valvu au skroli inayovujisha ndani, inashindwa kuvuta, kwa hiyo saksheni INAPANDA na dischaji INASHUKA, geji mbili zinakaribiana. Hii inavuta mpaka −5. Inavuta vizuri sana, tatizo inavuta paipu isiyoletewa kitu. Wanaobadilisha kompresa kwa sababu ya saksheni kuwa chini wanaichoma hela ya mteja.

Ila msiiache iendelee hivi. Skroli hizi zinapozwa na gesi inayorudi. Gesi ikiwa kidogo na ya moto, waya za mota zinachemka na oili haina cha kuibeba kurudi. Na yeyote atakayetoa wazo la kuunganisha waya za swichi ya low presha moja kwa moja ili mashine isikate, ajue anaiandalia kompresa ya tatu.

#6 mpwa wa Temeke

Dada Amperi, je blowa haiwezi kuwa chanzo? Kuna jengo fulani walibadilisha mota ya blowa na saksheni ikashuka siku hiyohiyo.

#7 Amperi

Inawezekana, mpwa, lakini blowa ni moja kwa koili mbili. Ikiwa na shida, mizunguko yote miwili inashuka. Hapa wa 1 uko vizuri, kwa hiyo blowa imeponea. Kwa koili za juu na chini angalia tu kama nusu ya chini imezibwa na uchafu au chujio lililolowa likalala. Hata hivyo ungeona supahiti ya chini, siyo 22.

Hilo jengo lako, kama mota ni ya fezi tatu, angalia inazunguka upande gani. Blowa ya aina ya gurudumu ikizungushwa kinyume bado inatoa hewa upande uleule, ila kidogo sana. Ukiweka mkono kwenye grili unahisi upepo, unaondoka ukiamini iko sawa. Angalia mshale kwenye nyumba ya blowa, kisha badilisha fezi mbili kwenye mota yenyewe. Usiibadilishie kwenye laini kuu ya mashine, utazigeuza na skroli, nazo zikizunguka kinyume zinapiga kelele tu, presha hazitengani. Tatizo hili linajitokeza sana baada ya watu kugusa waya za jenereta.

#8 KoiliBaridi

Nakubaliana na hukumu. Sasa tuitafute ilipoziba. Kwa mfuatano wa njia: draya, valvu ya solenoidi (inayofunguliwa kwa umeme) kama ipo, chujio la mdomoni mwa ekspansheni valvu, valvu yenyewe, kigawanyio (kinachogawa gesi ndani ya koili) na vipaipu vyake. Anza na draya kwa sababu kuipima hakuhitaji kufungua kitu. Bana kipimajoto kimoja kabla yake na kingine baada yake.

#9 Kipozeo

Kabla ya draya 34, baada ya draya 29. Draya haina jasho hata tone, ndiyo maana haikushukiwa.

#10 Amperi

Imekwisha hiyo. Zaidi ya nyuzi 2 tayari ni mashaka, 5 ni kuziba.

Usisubiri jasho kwa Dar. Paipu inatoa jasho ikishuka chini ya joto ambalo hewa inaanza kudondosha maji, na kwa unyevu wa pwani hapo ni kama nyuzi 24 au 25. Yako iko 29, ingekaa kavu mpaka kesho.

Na hapa kuna kitu wengi hawakijui. Kimiminika chenye sabkulingi kubwa kinaweza kupoteza presha nyingi sana bila joto kushuka hata nyuzi moja. Kwenye mashine hii kimiminika kina nyuzi 34, na R410A ya nyuzi 34 inaanza kuchemka ikifika kama psi 290. Dischaji ni 400. Maana yake draya inaweza kula psi 100 nzima na vipimajoto vyako viwili vikasoma namba ileile. Joto linaanza kushuka pale tu kimiminika kinapoanza kuchemka. Kwa 29 uliyoisoma, baada ya draya umebaki na kama psi 250, na ekspansheni valvu inapokea mchanganyiko wa mvuke na kimiminika badala ya kimiminika kitupu. Kwa hiyo tofauti ya joto ikiwepo, draya ina hatia. Isipokuwepo na sabkulingi ni kubwa, bado huwezi kusema draya haina hatia. Hapo unahitaji presha kwenye tundu la baada ya draya, kama mtengenezaji ameliweka.

#11 Zulia la Ilala

Naomba kuingilia kati. Yangu nayo ina kompresa mbili lakini paipu ni jozi moja tu inayokwenda ndani. Zikifanya kazi zote saksheni inashuka mpaka 95, ikibaki moja inakaa 135. Ni draya pia?

#12 KoiliBaridi

Zulia, yako ni kompresa pacha kwenye mzunguko mmoja, hesabu yake ni nyingine. Hapo huna jirani wa kumlinganisha. Kompresa ya pili ikiingia, uvutaji unakuwa mara mbili na koili ni ileile, kwa hiyo kushuka ni lazima. Swali ni kama 95 ni nyingi mno, na kwa R410A 95 ni kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Ni nyingi.

Pima supahiti zikiwa zote mbili kazini. Ikiwa ndogo, basi mzigo hautoshi kompresa mbili: ama hewa ni kidogo, ama themostati inaita hatua ya pili wakati chumba hakihitaji. Ukumbi ukiwa mtupu saa 3 usiku hauna haja ya kompresa mbili. Ikiwa kubwa, rudi kwenye familia za dada Amperi. Kizuizi kidogo hakionekani kompresa moja ikivuta, kinajitokeza zikivuta mbili.

Angalia pia kioo cha oili cha kila kompresa. Pacha zina paipu ya kusawazisha oili, na saksheni ikiwa chini muda mrefu oili inabaki kwenye koili. Moja ikiwa na kioo kitupu zima hapohapo.

#13 Kipozeo

Mrejesho. Gesi ya mzunguko wa 2 imevutwa yote kwenye mtungi wa kurudishia na kupimwa kwenye mizani: kilo 10.4. Bamba la mashine linasema kilo 8.6. Draya imebadilishwa, hewa yote ikavutwa nje kwa pampu (vakyumu), gesi mpya kilo 8.6.

Saksheni 105 (nyuzi 1), paipu ya saksheni 16, dischaji 408, paipu ya kimiminika 38. Kabla na baada ya draya 38 na 38.

Imepanda ila haijafika. Supahiti 15, sabkulingi 10.

#14 Amperi

Hiyo 10.4 ni ushahidi mzuri. Toa kilo 2 zilizoongezwa, unabaki na 8.4. Mzunguko haukuwahi kuvuja.

Sasa kuna kizuizi cha pili, baada ya draya. Ukifungua draya ya zamani utakuta nini? Nabashiri magamba meusi.

#15 KoiliBaridi

Kabla ya kuikata ekspansheni valvu, ihoji kwanza. Fungua balbu yake (kihisi joto chake kilichofungwa kwa nje) kwenye paipu ya saksheni, mashine ikiwa kazini.

Itumbukize balbu kwenye kikombe cha maji ya barafu. Valvu ikiwa hai inafunga, saksheni inashuka ndani ya dakika moja au mbili. Kisha itie kwenye maji ya vuguvugu, kama nyuzi 40, usitumie moto. Valvu inatakiwa kufunguka na saksheni ipande waziwazi. Usiiache hapo muda mrefu, utarudisha kimiminika kwenye kompresa.

Ikikataa kote kuwili: balbu imepoteza gesi yake au sindano imekwama, badilisha valvu. Ikishuka kwa baridi lakini haipandi kwa joto: valvu inatembea, ila mdomo wake umezibwa. Hapo ni chujio.

Na wakati balbu iko nje, hakikisha ilikuwa imefungwa kwenye paipu ya mzunguko wake. Kwenye mashine za kompresa mbili paipu mbili za saksheni zinapita sambamba, na kufunga balbu ya huyu kwenye paipu ya yule ni kitu cha kawaida baada ya ukarabati. Ukiwasha kompresa moja tu, valvu yake inahisi paipu ya moto ya jirani aliyezimwa, inafunguka wazi na kumwaga kimiminika.

#16 Kipozeo

Balbu ilikuwa kwenye paipu yake. Maji ya barafu: saksheni ilishuka kutoka 105 mpaka 78. Maji ya vuguvugu: 105 mpaka 107, basi.

Gesi imevutwa tena, nati ya mdomo wa valvu ikafunguliwa. Kichujio kimejaa magamba membamba meusi, ukiyasugua kati ya vidole yanakuwa unga. Draya ya zamani ilipopasuliwa, upande wa kuingilia ulikuwa na mchanganyiko wa magamba hayohayo na tope la oili iliyoungua.

#17 Amperi

Magamba ni ya kuchomelea bila nitrojeni. Shaba ikipigwa moto ikiwa na hewa ndani inaota ngozi nyeusi kwa ndani, na gesi ya R410A pamoja na oili yake inaibandua na kuisafirisha. Tope ni la kompresa iliyoungua. Vyote viwili viliishia kwenye vichujio viwili vya kwanza.

Nitrojeni ya kuchomelea inatakiwa itiririke lita 2 hivi kwa dakika, pumzi tu unayoihisi kwenye ngozi, na upande wa pili uwe wazi. Ukiifungua sana inasukuma fedha iliyoyeyuka ya kuchomelea itoke kwenye jointi.

Kwa kuwa kompresa iliungua, weka draya ya kusafishia upande wa saksheni pia, ya muda, na pima oili kwa kitepe cha asidi. Presha ikianza kupotea kwenye draya hiyo, itoe. Usiiache humo milele, nayo itageuka kizuizi na kukurudisha hapahapa.

#18 Kipozeo

Kichujio kimesafishwa, gasketi mpya, draya ya kimiminika nyingine mpya kwa kuwa mfumo ulifunguliwa. Vakyumu imefika mikroni 450 (kipimo cha presha ndogo iliyobaki ndani), pampu ikafungwa, dakika 15 baadaye ilisoma 620 ikatulia. Gesi kilo 8.6 kwa mizani, ikiingia kama kimiminika. Draya ya muda ya saksheni imeongezwa.

Mzunguko 2 sasa: saksheni 124, paipu ya saksheni 12, dischaji 412, paipu ya kimiminika 41. Supahiti 6, sabkulingi 7. Mzunguko 1 haujabadilika. Jioni haikukata.

#19 Mwana Buguruni

Shukrani wakuu, 65 nimeifuta. Swali moja: draya ya zamani mnaitoa kwa moto au kwa kukata?

#20 KoiliBaridi

Kata kwa katapaipu, usiichomoe kwa moto. Draya imenyonya maji, na ukiipasha inayatema kurudi kwenye paipu. Oili ya R410A inakunywa unyevu, na kwa hewa ya Dar hicho ndicho kitu cha mwisho unachotaka kuiongezea. Mpya usiitoe vifuniko mpaka jointi ziwe zimeshasafishwa na moto uko tayari. Wakati wa kuchomelea ifunge kitambaa kilicholowa maji, na mshale uelekee kwenye ekspansheni valvu.

#21 Zulia la Ilala

Nimepima yangu: zote mbili kazini, supahiti ni 4. Vioo vya oili viko nusu. Naenda kuangalia chujio la hewa na mkanda, nitarudi na namba.